Vidole Vinne vya Filamu

Simu ya Sikudhani ilinikuta nyumbani kwangu Mbeya, nimepakata ungo, nachambua mchele. Namba sikuitambua. Sauti ya mwanamke mtu mzima ikanisalimia kwa Kihehe, "Kamwene, mama," ikauliza kama mimi ndiye Tumaini aliyekuwa mpiga chapa Iringa zamani, yule dada wa sinema. Kwa zaidi ya miaka arobaini hakuna aliyeniita hivyo, na moyo ulinipasuka kabla hajaendelea. "Baba amefariki jana alfajiri," akasema. "Fundi Chavala. Ameacha maagizo matatu tu. Azikwe Kilolo karibu na mama, watu wasikalishwe na njaa, na wasifu wake usomwe na wewe." Nikamwambia miguu yangu ni mibovu. Ilikuwa kweli ni mibovu, lakini hata ingekuwa mizima ningesema hivyo hivyo. "Alijua utakataa," akasema. "Alisema, asome yeye, hata akisoma vibaya." Huyo Sikudhani nilimbeba mgongoni kabla hajaota meno, na baba yake nilimtendea jambo ambalo katika sura zote zilizotangulia nimelipita kwa mbali, kama mtu anayekwepa nyumba anayodaiwa salamu. Safari hii nitabisha hodi.

Mwaka wenyewe ulikuwa katikati ya miaka ya sabini na nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Kampuni yetu ilikuwa ya malori, yale makubwa yaliyopeleka shehena Zambia na kurudi na shaba. Ilikuwa na gereji mbili, moja Iringa na nyingine Mbeya. Mimi, mtoto wa Mbeya, nilipangiwa ofisi ya Iringa, na chumba nilikipata Mlandege kwa Fundi Chavala, mkuu wa matairi gerejini kwetu. Kazini nilimwita Fundi, nyumbani nilimwita Baba Siku. Chumba changu kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na ukuta mwembamba kiasi kwamba nikipiga chafya, Mama Siku alinijibu pole akiwa chumbani kwao. Jioni tulikula pamoja jikoni kwa sababu ya baridi, ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na siku za mvua, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulipokuwa mwingi, Baba Siku aliteremsha jagi lake moja, akanikaribisha kwa adabu huku akijua nitakataa. Kodi aliipokea kama mtu anayeona haya. Siku moja nilimsikia kupitia ukuta ule akimwambia mkewe, "Huyu binti ana sauti nzuri, ila ana haraka." Mama Siku akacheka. "Kijana gani hana haraka? Wewe mwenyewe ulinioa kwa wiki tatu." Nililala nikitabasamu, nikashika ile habari ya sauti na kuiacha ile ya haraka.

Sinema ziliingia kwa meneja. Alikuwa mtu wa kuchoshwa na jambo moja: kila kosa lililofanyika gereji ya Iringa lilifanyika tena gereji ya Mbeya baada ya miezi miwili, kama vile makosa nayo yalisafiri kwa lori. Waraka ulikuwa hausomwi. Mimi ndiye niliyeupiga chapa, na nilijua unafungiwa karanga. Basi akapata kamera ndogo ya sinema na mashine ya kuonyeshea kutoka kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao, akatukusanya akasema, "Kuanzia leo kila fundi atuonyeshe kosa lake mwenyewe. Si la mwenzake. La kwake. Na halafu atuonyeshe alilojifunza." Watu wakatazamana. Nani atajianika? Kamera nikapewa mimi, eti kwa kuwa vidole vyangu vimezoea mashine. Filamu moja ilikuwa ya dakika tatu na ushei, haikuwa na sauti, na ilipopigwa ililazimu ipelekwe ng'ambo kwa posta kusafishwa. Kwa hiyo maneno yaliandikwa kwenye karatasi, na mtu alisimama kando ya mashine kuyasoma picha zikipita. Mtu huyo pia nikawa mimi.

Wa kwanza kujitolea alikuwa Fundi Chavala. Kosa lake watu wa Iringa walilijua kwa sababu tundu lake lilikuwa bado liko kwenye bati la gereji na mvua ilimdondokea pale pale anapofanyia kazi. Siku hizo rimu za malori hazikuwa kipande kimoja. Tairi lilivalishwa kwanza, kisha pete ya chuma ikagongwa kwenye ukingo ili ilishikilie, ndipo unajaza upepo. Pete ikikaa vibaya, upepo ukishakuwa mwingi inaruka, na hakuna binadamu anayeiona inaporuka. Vipuri vilikuwa adimu, na mafundi walikuwa wamezoea kuchukua pete ya rimu hii wakaivalisha rimu ile, wakaipiga tupa kidogo mpaka ionekane imeingia. Fundi alifanya hivyo siku moja. Pete ikampita sikioni, ikatoboa bati, na kishindo kikamtupa chali juu ya rundo la matairi machakavu. Alipoamka akaokota pete na kuisoma. Ukingoni ilikuwa imepigwa muhuri wa namba, na rimu nayo ilikuwa na namba, na namba hizo hazikufanana. Miaka yote aliyokuwa fundi hakuwahi kuziangalia, wala hakuna aliyemwambia aziangalie.

Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali na haikuwa na kosea-kosea, tulifanya mazoezi jikoni Mlandege baada ya kula. Sinia la ugali liligeuzwa likawa rimu, na kipande cha waya kilichokunjwa duara kikawa pete. Mimi nilishika saa. Fundi alikuwa na hatua zake: anavalisha pete, anajaza upepo, pete inaruka, anaanguka, anainuka, anaonyesha namba, halafu anafunga gurudumu kwa mnyororo na kujaza upepo akiwa amesimama pembeni. Pale kwenye namba alikuwa na utulivu wa mwalimu wa kipaimara. Kidole chake kikubwa, chenye ukucha mweusi, kiligusa ukingo wa sinia mara mbili. "Hapa namba ya pete. Hapa namba ya rimu. Zikiwa tofauti, weka chini, kanywe chai." Mama Siku akauliza chai inahusiana nini na matairi. "Mtu aliyeweka pete chini akaenda kunywa chai," akajibu, "akirudi hasira ya kazi imepoa, anatafuta pete nyingine." Nikaandika maneno hayo kwenye karatasi kama alivyoyasema. Jumapili baada ya ibada tukaenda gerejini wawili peke yetu, nikampiga picha zote mara moja bila kurudia. Pale pa kuanguka aliamua kuanguka kweli ili wenzake waone hatari. Kofia iliruka, miguu ikaenda juu, na soli ya kiatu chake cha kulia ikaonekana ina tundu.

Filamu iliporudi tuliitazama kwenye ukuta wa stoo ya ofisi, sisi wawili na Mama Siku, mtoto wao Sikudhani akiwa mgongoni kwangu. Namba zilionekana vizuri, nyeupe, maana Fundi alikuwa amezipaka chaki. Mama Siku alipiga kigelegele kidogo, akaziba mdomo kwa kuwa tulikuwa ofisini. Meneja akaamuru ianzie Mbeya, wenye ajali nyingi zaidi, kabla Iringa haijaiona. Tukasafiri na Fundi katika lori la kampuni. Makambako alininunulia mahindi ya kuchoma, na njia nzima alikuwa akinong'ona maneno atakayowaambia mafundi wa Mbeya baada ya picha, kama mtoto anayekwenda kutoa shairi. Mimi nilikuwa nawaza nguo nitakayovaa. Nilikuwa narudi kwetu. Nilitaka nionekane.

Tulionyesha kantini saa nane mchana, baada ya wali na maharage, madirisha yamezibwa kwa maturubai ya malori. Harufu ya vitunguu ilikuwa bado nzito. Wanaume walibanana kwenye mabenchi, na baadhi niliwajua tangu shule. "Binti yetu huyu? Iringa wamekukondesha!" mmoja akapaza sauti, na nikapenda. Nikaanza kusoma vizuri, kwa utaratibu, kama tulivyofanya mazoezi. Pete ikaruka, Fundi akaanguka, na mtu akaropoka, "Mhehe kaanguka kama gunia la viazi!" Kicheko kikapasuka. Ile mashine ilikuwa na kitufe cha kurudisha picha nyuma. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe, na pale ukutani Fundi Chavala akanyanyuka kutoka kwenye matairi bila kujishika popote, miguu ikashuka, kofia ikarudi kichwani yenyewe. Kantini nzima ikapiga meza. Nami nikasema, kwa ile sauti yangu nzuri, "Mtazameni huyu, hangoji hata siku ya tatu!"

"Mfufue tena!" wakapiga kelele. "Dada, mfufue tena!"

Nikamfufua tena. Nikamwangusha, nikamfufua. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi siku ile sikujikwaa. Nilitembea na ulimi wangu nikijua ninakokwenda, na ulikuwa mtamu. Sijawahi kupendwa na watu wengi hivyo kwa wakati mmoja, si kabla wala baada. Nilipogeuka nikamwona Fundi amekaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mwanzoni naye alikuwa anacheka. Halafu akavua kofia, akaiweka magotini, akaishikilia. King'ora cha kazi kikalia picha ikiwa bado iko pale pale pa kuanguka. Meneja wa Mbeya akamsimamisha Fundi aseme neno, na kabla hajafungua kinywa mtu akaita, "Mfufuka! Tuambie, huko kaburini kukoje?" Wakatoka wakicheka, wakipigana mabega. Fundi akakaa. Ile hotuba yake ya njia nzima akarudi nayo.

Lori la kurudi Iringa lilikuwa linaondoka saa kumi, na yeye alitakiwa kazini. Mimi nilibaki ili nionyeshe zamu ya pili kesho yake asubuhi. Alinikuta nakunja waya za mashine. Hakunigombeza, na hadi leo naona bora angenigombeza. "Tumaini mwanangu," akasema, "kesho wasomee karatasi yote. Kucheka wacheke, si neno. Lakini namba wazione." Nikasema, "Sawa, Baba Siku." Nikasema kwa wepesi, kama mtu anayeagizwa kununua chumvi.

Kesho yake alfajiri, chumbani nyumba ya wageni, niliwasha mashine nifanye mazoezi. Si ya karatasi. Ya kufufua. Nilitaka kofia irudi kichwani sawasawa na neno langu, maana nilikuwa nimebuni mzaha mpya. Nikarudisha, nikapeleka, nikarudisha. Filamu ikakwama mbele ya taa, na kabla sijazima, doa la kahawia likatokea ukutani katikati ya kidole cha Fundi, likatanuka, likawa shimo jeupe. Chumba kikanuka kama nywele zilizoungua. Nilipoitoa, kipande kilichoharibika kilikuwa cha upana wa vidole vinne tu, na mbele na nyuma yake picha ilikuwa imejikunja kiasi kwamba ilibidi nikate zaidi. Nikakata, nikaunganisha kwa gundi kama nilivyofundishwa, nikakitupa kile kipande chooni. Nilijua ni namba. Asidhani msomaji kwamba sikujua. Nilijiambia nitazieleza kwa mdomo.

Sikuzieleza. Zamu ya pili walikuwa wamekwisha kusikia habari, wakaingia wakiniita kwa shangwe, na mstari wa mbele alikaa Ambakisye, fundi wa matairi wa Mbeya, baba wa watoto watatu, mtu wa mikono minene na kicheko cha kutoka tumboni. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa chenye grisi. Picha ikaruka kutoka Fundi anapoinuka moja kwa moja hadi anapofunga mnyororo, na hakuna aliyegundua pengo. Karatasi ilikuwa mfukoni mwa gauni langu. Niliigusa. Nikawaza, nikianza sasa habari za namba nitawapoza. Nikaiacha ilale.

Wiki tano baadaye, filamu ikiwa bado haijaonyeshwa Iringa, simu ililia ofisini kwetu, na mimi ndiye niliyeipokea. Pete ilikuwa imemruka Ambakisye. Ilimchukua jicho la kushoto na kumvunja taya. Gurudumu alikuwa amelifunga mnyororo, kama alivyoona kwenye picha, lakini mnyororo ulikuwa umechakaa ukakatika, na pete ilikuwa ya rimu nyingine, imepigwa tupa. Msaidizi wake alisema kwamba Ambakisye aliitilia shaka ile pete tangu asubuhi. Alitaka kupiga simu Iringa amuulize Fundi Chavala, akaacha. Alisema, "Nikiuliza, kesho na mimi nitafufuliwa kantini."

Kikao cha uchunguzi kilifanyika Mbeya, na mimi nilipelekwa na mashine ya chapa ili niandike. Wakazima taa wakaonyesha ile filamu, safari hii bila kicheko. Fundi alikaa upande wa pili wa meza. Picha ilipofika pale pa kuinuka, nikamwona anaegemea mbele, anangojea kidole chake. Hakikuja. Ukaja mnyororo. Akageuza kichwa pole pole akanitazama katika ule mwanga wa mashine, na mimi nikatazama vidole vyangu.

"Fundi," meneja wetu wa Iringa akauliza, "hapa umeonyesha mnyororo. Mbona namba hukuonyesha? Wewe si ndiwe uliyetuambia kosa lako lilikuwa namba?"

Fundi akakaa kimya kwa muda mrefu. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema. Ningeweza kusema sentensi tatu katika kile kimya. Kisha akasema, "Nilisahau."

Nikaandika. Nakumbuka vidole vilivyoitafuta kila herufi: Fundi Chavala alisahau. Karatasi ikavutwa, ikapigwa muhuri, akapewa wiki mbili za kuondoka.

Tuliporudi Mlandege, jioni ile nilijifungia nikasema kichwa kinauma. Ugali ulikuwa jikoni, nilisikia mwiko ukigonga sufuria, kisha ukaacha. "Lakini si mlizionyesha?" Mama Siku alikuwa akisema. "Mimi mwenyewe niliziona pale stoo, nyeupe kabisa. Zimekwenda wapi?" Baba Siku akamjibu kwa sauti ya chini, na ule ukuta mwembamba haukunificha neno. "Nyamaza, mama. Mimi nina shamba Kilolo. Yule ana nini? Mtoto wa watu atafukuzwa, halafu ataolewa na nani akiwa na jina hilo?" Mwiko ukaanza tena. Baadaye Mama Siku akabisha mlangoni kwangu akaacha sahani. Niliusikia unyayo wake ukisita, halafu ukaondoka. Nilikula. Hilo nalo liandikwe: nilikula chakula chote, maana nilikuwa na njaa. Kabla ya mwisho wa mwezi nilihamia chumba kingine mjini, nikasingizia umbali wa kwenda kazini, na siku walipopakia vyombo vyao kwenda Kilolo nilituma zawadi ya sabuni na sukari kwa mkono wa mtu mwingine. Meneja alipiga marufuku sinema. Kamera ikawekwa kabatini, na makosa yakaendelea kusafiri kwa lori kama zamani.

Miaka imenipa mambo mengi mazuri ambayo sikuyastahili. Nilipanda cheo kwa sababu ya ile ile sauti, nikasoma matangazo, nikaongoza kwaya, nikaitwa kusoma wasifu wa marehemu wengi hapa Mbeya, maana watu husema hakuna anayesoma kama mama Tumaini. Mara mbili nilifika Iringa kwa harusi, na Kilolo haiko mbali. Mara zote mbili niligundua kwamba gari linawahi kurudi.

Safari hii nilikwenda, na miguu yangu mibovu. Kilolo nilifika asubuhi, ukungu bado uko juu ya viazi, Sikudhani akanipokea kwa kunikumbatia kama dada yake. Mabenchi yalikuwa yamepangwa uani. Katika benchi la kwanza alikaa mzee mwenye kofia ya sufu, shavu la kushoto limebonyea, mdomo umekwenda upande. Hatukuwa tumeonana tangu kantini. Niliuliza jina lake ili nisikosee, nikaambiwa ni Ambakisye, amekuja jana kutoka Mbeya, yeye na marehemu walikuwa wakitembeleana miaka yote. Nikaenda kukaa upande wake wa kushoto, upande wa jicho lisiloona. Umri wote huu, na bado najua pa kujificha.

Sikudhani akanipa wasifu. Ulikuwa kwenye karatasi ya daftari, kwa mwandiko wa Fundi mwenyewe, herufi kubwa kubwa kama za mtu anayeandika kwa chaki. Nilisimama karibu na jeneza nikasoma alipozaliwa, alipobatizwa, alivyooa kwa wiki tatu, na watu wakacheka kidogo, nikasoma vizuri kwelikweli. Nikageuza ukurasa. "Katika kazi yake marehemu alifanya kosa moja kubwa. Alisahau kuwaonyesha mafundi wa Mbeya namba za pete, na ndugu yake Ambakisye akapoteza jicho. Kwa hilo anamwomba radhi, mbele yenu wote."

Sauti ilifika kwenye neno alisahau ikakwama. Nililiandika mara moja kwa vidole, na sasa nilitakiwa nilitamke, mbele ya Ambakisye, juu ya mwili wa Fundi. Sijui kama Fundi alinipa karatasi ile ili nimalize uongo wake au ili niukate. Nimefikiri sana na sijapata jibu. Nilisema, "Hapana. Hakusahau." Mchungaji akainua macho. "Alizionyesha. Mimi niliziunguza nikifanya mchezo, nikazikata, nikazitupa chooni. Kwenye kikao nilinyamaza. Yeye alijua, akanibebea." Nilisema ovyo ovyo, nikirudia maneno, pua inatiririka, usomaji mbaya kuliko wote niliowahi kufanya. Hakuna aliyepiga kelele. Bibi mmoja akasema, "Eee, jamani," basi. Sikudhani alikuwa anatazama chini. Nikamalizia mistari iliyobaki, watoto, wajukuu, nikakaa. Walipomshusha kaburini nikasikia kantini yote ndani ya kichwa changu, mfufue tena, mfufue tena, na safari hii hakukuwa na kitufe.

Baada ya mazishi chakula kikaletwa, ugali na maharage kwenye masinia, kama alivyoagiza. Nilikaa peke yangu kwenye mkeka karibu na jiko la nje. Ambakisye akaja, akasimama mbele yangu, akajikalisha chini kwa shida. Nikaanza kusema pole, nisamehe, nini na nini. Akaninyamazisha kwa mkono ule mnene.

"Yeye kila mwaka alikuwa ananiomba radhi," akasema kwa mdomo ule uliopinda. "Nikimwambia nionyeshe hizo namba, anasema, ngoja, kuna mtu atakuonyesha. Sasa dada, zilikuwa wapi?"

Sinia lilikuwa limeisha. Nikalifuta kwa kanga, nikaligeuza, nikaliweka kati yetu. Mkono wangu ulijua njia. "Hapa namba ya pete," nikasema, nikagusa ukingo. "Hapa namba ya rimu. Zikiwa tofauti, weka chini, kanywe chai."

Akainamisha kichwa ili jicho lake zima lione. Akaweka kidole chake pale nilipoweka changu, akakisogeza, akakirudisha.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu."

Akakaa akitazama ukingo wa sinia. Maharage yalikuwa yamekauka kidogo pembeni, akayakwangua kwa ukucha.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.